Anzeni na giza: kwa nyinyi mnaoanza kusoma retina

Wengi wenu mtaifikia mada ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, mkiwa mmechoka. Mmetoka kwenye moyo, mmetoka kwenye figo, mara mnawekewa mchoro wenye tabaka kumi, kila tabaka na jina lake refu, na mkufunzi anawaonya kwamba mchoro huo haukosi kwenye mtihani. Basi mnaukariri kutoka juu hadi chini, na baada ya wiki mbili hamna kitu kichwani.

Nimekaa sana na makundi ya wanafunzi wa afya hapa Mombasa, jioni baada ya kliniki, Tudor, Kisauni, hata Likoni kwa wale wasiotaka kuvuka feri usiku. Ushauri wangu kwa anayeanza ni mfupi: tabaka ziacheni zije baadaye. Shikeni seli moja moja, na kila mnapoishika iulizeni maswali mawili. Gizani hii seli inafanya nini? Na ile inayopokea ujumbe wake ina kipokezi gani, yaani protini gani ya kuunasa? Mkiyajibu hayo, mchoro mzima mtauchora wenyewe.

Seli za neva zilizomo ni za aina tano kuu. Kuna seli pokezi za mwanga, yaani rodi na koni. Kuna baipola, kuna ganglioni, na hizi tatu ndizo njia kuu: pokezi humpa baipola, baipola humpa ganglioni, na ganglioni ndiyo yenye aksoni, uzi mrefu wa kupelekea ujumbe, unaotoka nje ya jicho hadi ubongoni. Horizontali na amakrini hufanya kazi ya upande kwa upande, kila moja kwenye kituo chake: horizontali pale pokezi inapokutana na baipola, amakrini pale baipola inapokutana na ganglioni. Rodi za jicho moja la binadamu zinakaribia milioni 100, koni ni milioni kadhaa, lakini aksoni zinazotoka kwenye jicho hilo ni kama milioni 1 tu. Hesabu hiyo peke yake iwatie shaka mapema. Kama jicho lingekuwa linapeleka tu picha ubongoni, hizo nyingine zote zimekwenda wapi? Retina inafanya kazi kubwa ya kuchuja kabla ubongo haujaambiwa lolote, na yote hayo hufanyika ndani ya utando ambao unene wake ni robo ya milimita hivi.

Kabla hamjafungua kitabu, nunueni jicho. Sisemi kwa mzaha. Muulizeni anayeuza vichwa vya ng'ombe sokoni awawekee la siku hiyo hiyo, tena mlichukue asubuhi, kwa sababu joto letu hili la pwani halina huruma na retina. Vaeni glavu, tandikeni gazeti, tafuteni wembe mpya. Ondoeni kwanza mafuta na misuli ya nyuma mpaka ionekane kamba nyeupe ngumu; hiyo ndiyo neva ya macho. Halafu likateni jicho kwa kulizunguka katikati, nusu ya mbele itoke, nusu ya nyuma ibaki mkononi. Ute utatoka bonge zima, mara nyingi pamoja na lenzi.

Sasa tazameni ndani ya ile nusu ya nyuma. Kuna utando laini wa rangi ya maziwa, una uwekundu kidogo, umejikunja. Usukumeni kwa ncha ya kidole. Utateleza bila ubishi, kwa sababu nyuma haukugandishwa kwa gundi yoyote ya maana. Ndiyo maana retina ya mtu hai huweza kubanduka. Endeleeni kuusukuma mpaka ukwame. Utakwama mahali pamoja tu, na mkigeuza jicho mtaona mahali hapo panalingana na ile kamba nyeupe ya nyuma. Hapo ndipo aksoni zote za ganglioni hukusanyika ili zitoke nje. Mwanafunzi aliyevuta retina kwa kidole chake ikakwama pale hasahau tena kwamba ganglioni ndizo zinazotengeneza neva ya macho. Na ule mng'ao wa samawati na kijani mtakaouona nyuma ya retina usiwababaishe: ni tapetamu, tabaka la kurudisha mwanga; ng'ombe na paka wanayo, sisi hatuna. Ndiyo inayofanya macho ya paka yawake taa ya tuktuk inapommulika kichochoroni.

Pale aksoni zinapotokea hakuna rodi wala koni, kwa hiyo hapaoni. Jaribuni wenyewe. Wekeni sarafu mbili mezani, sentimita 8 baina yake, moja kushoto moja kulia. Fumbeni jicho la kushoto, jicho la kulia likazieni sarafu ya kushoto, kichwa kiwe kama sentimita 30 kutoka mezani. Songeni mbele na nyuma polepole. Mahali fulani sarafu ya kulia itatoweka kabisa, na meza itaonekana nzima, haina tundu.

Jambo jingine la kushangaza kwenye jicho letu ni kwamba rodi na koni ziko nyuma kabisa, zimeupa mwanga kisogo. Mwanga hupita kwenye ganglioni, ukapita kwenye baipola, ndipo ukazifikia. Pale katikati panapoona vizuri zaidi, kwenye fovea, seli nyingine zimesogezwa kando ili koni zipate mwanga safi. Pweza hana shida hiyo. Yule yule mnayemnywea supu jioni amepangwa kinyume chetu: seli zake pokezi zinautazama mwanga, aksoni zinatokea nyuma, na mahali pasipoona hana. Lakini msikimbilie kumsifu. Retina yake haina baipola wala ganglioni. Kazi ya kuchuja imehamishiwa kwenye ubongo wake ulio nyuma ya jicho. Kwetu sisi kazi hiyo imeanzia jichoni, na ndiyo somo lenyewe.

Sasa tuingie gizani.

Mtu akiniuliza ni mahali gani wanafunzi huanguka zaidi, namwambia ni hapa. Kila seli ya neva waliyoisoma kabla ya hii hukaa kimya mpaka iguswe, kisha ikapiga kelele. Wanadhani na rodi ni hivyo: giza ni kimya, mwanga ni kelele. Kumbe ni kinyume. Rodi na koni ziko kazini gizani. Chaneli zake, yaani vijilango vya kwenye utando wa seli, ziko wazi, sodiamu na kalsiamu zinaingia, volti yake iko kwenye hasi 40 za milivolti hivi, juu kuliko niuroni nyingi zilizopumzika, na kwa sababu hiyo zinamwaga glutameti, kemikali ya kupelekea ujumbe, mfululizo kwenye sinapsi, pale seli moja inapokutana na nyingine. Zichukulieni kama mfereji ulioachwa wazi usiku kucha. Mwanga ukija, kazi yake ni kuufunga.

Namna unavyofungwa ni mlolongo wa kupokezana. Ndani ya rodi mna rodopsini, na ndani ya rodopsini mna retinali, kitu kinachotokana na vitamini A. Fotoni moja ikiipiga, retinali iliyokuwa imepinda hunyooka, na rodopsini hubadilika umbo. Rodopsini iliyobadilika huamsha protini iitwayo transdusini, tena si moja, ni nyingi. Transdusini huamsha kimeng'enya cha fosfodiesterasi, na kimeng'enya hicho hukatakata cGMP, molekuli ndogo ya ujumbe iliyomo ndani ya seli. Sasa cGMP ndiyo iliyokuwa ikizishikilia chaneli wazi. Ikipungua, chaneli hufunga, sodiamu haiingii, volti hushuka kuelekea hasi 65 au 70, na glutameti inayotoka hupungua. Kwa kuwa kila hatua huzidisha ile iliyotangulia, rodi moja huweza kutoa ishara inayopimika kwa fotoni moja tu. Baylor, Lamb na Yau walilipima hilo kwenye rodi za chura mwaka 1979.

(Mkipata mgonjwa anayetumia sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, akawaambia anaona vitu vina usamawati, msimcheke. Dawa hiyo inalenga fosfodiesterasi ya aina nyingine mwilini, lakini ile ya jichoni ni ndugu yake na huguswa kidogo.)

Kuna matokeo mawili ya hali hii ambayo wanafunzi wazuri huyaona wenyewe. La kwanza, rodi hula nishati nyingi zaidi gizani kuliko mwangani, kwa sababu pampu zake zinahangaika kutoa sodiamu inayoingia bila kukoma. La pili ni la kwenye sinapsi. Seli inayomwaga glutameti mfululizo, usiku kucha, ikingoja kupunguza kidogo tu pale mwanga unapokuja, haiwezi kutumia sinapsi ya kawaida. Mle ndani mna kitu kinachoitwa utepe: kibamba cha protini kilichosimama, kimezungukwa na vifuko vya glutameti vilivyopangwa tayari, kimoja kikitoka kingine kinashika nafasi. Rodi kwa kawaida ina utepe mmoja. Koni moja huweza kuwa na zaidi ya 20. Tepe kama hizo ziko pia kwenye baipola, na kwenye seli za nywele za sikio la ndani, nazo zina kazi ya kusema bila kupumzika.

Sasa swali la pili: anayepokea ana kipokezi gani? Hapa pana raha ya somo zima, kwa hiyo msipapite mbio.

Koni moja inamwaga glutameti. Chini yake zimekaa baipola za aina mbili, zote zinapokea glutameti ile ile, kutoka kwa koni ile ile, kwa wakati ule ule. Moja ikipokea, volti yake hupanda; nyingine ikipokea, yake hushuka. Koni haikubadilisha neno lake hata kidogo. Tofauti iko kwa msikilizaji.

Baipola ya kwanza tunaiita ya OFF. Vipokezi vyake ni chaneli zenyewe, za aina ya AMPA na kainati. Glutameti ikishika, chaneli hufunguka, ioni chanya huingia, seli hupanda. Kwa hiyo gizani, glutameti ikiwa nyingi, baipola hii iko juu. Mwanga ukija, glutameti ikapungua, nayo hushuka. Inafuata mwendo wa koni hatua kwa hatua.

Ya pili ni ya ON. Kipokezi chake ni mGluR6, na hiki si chaneli. Ni protini inayopeleka ujumbe ndani ya seli. Glutameti ikikishika, ujumbe huo huenda ukafunga chaneli nyingine iitwayo TRPM1. Basi gizani baipola ya ON imefungwa mdomo. Mwanga ukija, koni ikapunguza glutameti, mGluR6 hulegea, TRPM1 hufunguka, na seli hupanda. Imeugeuza mwendo wa koni juu chini.

Ndiyo maana nawasisitizia kuchora mishale yenye alama. Kila sinapsi iwekeeni alama ya kujumlisha kama seli inayofuata inakwenda upande ule ule wa iliyotangulia, na ya kutoa kama inageuza. Koni kwenda baipola ya OFF: kujumlisha. Koni kwenda baipola ya ON: kutoa. Baipola zote mbili kwenda kwenye ganglioni zao: kujumlisha, kwa sababu nazo hutoa glutameti na ganglioni huipokea kwa vipokezi vya kufungua chaneli. Halafu zidisheni alama kama mlivyofundishwa shule ya msingi, na mwanzoni kabisa msisahau ile ya kutoa baina ya mwanga na koni. Mwanga ukipanda, koni hushuka. Kutoa mara kutoa ni kujumlisha, basi ganglioni ya ON hupiga mapigo ya umeme mwanga unapoongezeka. Sijaona mwanafunzi aliyeshika mishale hii akakwama kwenye swali la mtihani.

Na mbona zote mbili? Kwa nini jicho lisitosheke na njia moja? Kwa sababu giza nalo ni habari. Herufi za ukurasa ni vitu vyeusi kwenye cheupe, kunguru angani ni doa jeusi, na jicho linalosubiri mwanga uongezeke tu lingevichelewa hivyo vyote. Kwenye fovea mpango huu umefikishwa mwisho: koni moja ina baipola yake ndogo ya ON na yake ndogo ya OFF, na kila moja ya hizo ina ganglioni yake. Kando kando ya retina mambo ni tofauti, rodi nyingi hukusanywa kwenye kapu moja, na ndiyo sababu pembeni mwa jicho tunahisi kitu kimepita bila kuweza kukisoma.

Tukija kwenye horizontali, chukueni kanzu nyeupe. Itazameni juani saa saba mchana kwenye uwanja wa Makadara, kisha kanzu hiyo hiyo itazameni baada ya Magharibi ndani ya nyumba ya Mji wa Kale yenye taa moja. Mwanga unaofika jichoni umepungua mara nyingi mno, lakini kanzu ni nyeupe vile vile. Tena maandishi meusi ya gazeti yakiwa juani hurudisha mwanga mwingi kuliko karatasi nyeupe ya gazeti lile lile likiwa chumbani, na bado tunayaona meusi. Jicho halipimi mwanga kwa kiasi chake. Linalinganisha na jirani.

Kulinganisha huko huanzia kwa horizontali. Seli hizi hukusanya glutameti kutoka kwa koni nyingi za eneo zima, tena zenyewe zimeunganishwa kwa sinapsi za umeme, zinazopitisha mkondo moja kwa moja bila kemikali, kiasi kwamba volti ya moja huenea kwa nyingine. Halafu huirudishia koni jibu la kuipinga: majirani wakipata mwanga mwingi, koni ya katikati husukumwa kana kwamba imepata mwanga kidogo. Kwa njia gani hasa wanairudishia? Hapo wataalamu wangali wanabishana, wengine wakishika asidi inayobadilika ndani ya mwanya wa sinapsi, wengine umeme wa mwanya wenyewe, wengine GABA, kemikali ya kutuliza seli. Msikariri moja mkaapa nayo.

Walimu wengi hufundisha jambo hili kwa ile gridi nyeusi yenye vivuli vya kijivu kwenye njia panda. Mimi siipendi. Ukiipinda mistari ya gridi kidogo tu, vivuli hutoweka, na maelezo ya horizontali peke yake hayawezi kusema kwa nini. Kanzu inatosha.

Historia yake nayo ina faida, hasa kwa anayedhani sayansi hushuka ikiwa imekamilika. Mwaka 1938 Hartline alitenga aksoni moja moja za neva ya macho ya chura akakuta nyingine hupiga taa ikiwashwa, nyingine ikizimwa, nyingine mara zote mbili. Mwaka 1953 Kuffler, kwa paka, alionyesha kwamba ganglioni ina kitovu na ukingo vinavyopingana: doa la mwanga likiwa katikati hupiga, likihamia pembeni hunyamaza, au kinyume chake. Mwaka huo huo Svaetichin alipima volti ndani ya retina ya samaki akaona seli zinashuka zinapomulikwa. Alidhani yuko ndani ya koni. Baadaye ikafahamika alikuwa ndani ya horizontali. Koni zenyewe zilikuja kupimwa na Tomita wa Japani katika miaka ya 1960, na kweli, nazo zilishuka. Ndipo Werblin na Dowling, mwaka 1969, wakapima seli za aina zote tano kwenye retina ya mnyama mmoja wa majini anayeitwa Necturus, mwenye seli kubwa za kuchomeka sindano bila taabu. Miaka 31, kutoka aksoni ya Hartline hadi hapo. Nyinyi mkipewa wiki moja muielewe, msijione wajinga ikiwa haikuingia siku ya kwanza.

Usiku una njia yake. Stima ikipotea mtaani, dakika za kwanza huoni mkono wako. Koni hufika mwisho wa uwezo wake kwa dakika 10 hivi, rodi huendelea kuimarika hata dakika 30 au zaidi. Rodi zina baipola yake, na hiyo ni ya ON tu. Cha ajabu, baipola hiyo haigusi ganglioni. Humpa glutameti amakrini mmoja anayeitwa AII, na AII ndiye anayegawa: kwa baipola za koni za ON huingiza volti moja kwa moja kupitia sinapsi ya umeme, alama ya kujumlisha, kwa zile za OFF humwaga glisini, nayo ni kemikali ya kutuliza, alama ya kutoa. Kwa hiyo rodi imeazima barabara ya koni badala ya kujenga yake. Fuateni mishale yenu mtaona hesabu inakubali pande zote mbili.

Amakrini wengine nawapitia haraka, na nyinyi pitieni haraka mwaka huu. Kwa panya peke yake zimehesabiwa aina zaidi ya 60, na nyingi hazijulikani kazi. Jueni wawili. Yule anayetoa dopamini huiambia retina kumekucha, na sinapsi za umeme za horizontali na za AII hulegezwa. Yule wa umbo la nyota hutoa asetilikolini na GABA, na ndiye anayezifanya baadhi ya ganglioni zipige kitu kinapokwenda upande mmoja, zinyamaze kikirudi. Barlow na wenzake walikuwa wameziona ganglioni za namna hiyo kwa sungura tangu miaka ya 1960, kabla amakrini huyo hajahusishwa nazo.

Kwa ganglioni kumbukeni moja kubwa: mpaka kufika kwake, karibu mazungumzo yote ya retina ni ya volti inayopanda na kushuka taratibu. Masafa ni mafupi mno, hakuna haja ya kupiga mapigo. Ganglioni ndiye mwenye kupeleka mbali, basi yeye hupiga mapigo kamili, pamoja na baadhi ya amakrini. Na wachache kati ya ganglioni wana protini yao wenyewe ya kunasa mwanga, melanopsini, wanauhisi mwanga bila kungoja rodi wala koni. Hao ndio hushika saa ya mwili na kukaza mboni. Mtu aliyepoteza rodi na koni zote anaweza bado kuwa na hao, kwa hiyo msishangae mboni yake ikijikaza.

Kliniki, faida ya yote haya ni kujua mlolongo umekatika wapi. Mtoto wa jicho ni lenzi, retina haijaanza kuulizwa. Mtoto asiyeona vizuri jioni kwa kukosa vitamini A ana rodi zisizo na retinali ya kutosha; ini, mayai, mchicha, embe na papai zina kazi hapo, na matone ya vitamini A pia. Presha ya macho huua ganglioni, na kwa vile hizo hazioti tena, kazi yetu ni kumkuta mgonjwa mapema, naye kwa kawaida hahisi lolote mpaka amechelewa. Sukari huharibu mishipa ya damu, na seli za neva huumia pamoja nayo. Mkijaliwa kufanya kazi penye mashine ya kupima umeme wa retina, mtaona mstari ukishuka kwanza, halafu ukapanda. Ule wa kushuka ni wa rodi na koni. Ule wa kupanda hutoka zaidi kwa baipola za ON. Ukiona wa kushuka upo na wa kupanda haupo, usiandike kwamba rodi zimekufa. Rodi zinasema, hazisikiki.

Mazoezi ya kufanya wiki hii, karatasi na kalamu tu. Kuna dawa ya maabara iitwayo APB ambayo hujifanya glutameti kwa mGluR6, ikaishika isilegee. Mwaka 1986 Schiller na wenzake waliitia kwenye macho ya nyani. Madoa meusi kuliko mandhari yake nyani waliendelea kuyaona. Madoa yenye kung'aa kuliko mandhari yaliwashinda. Elezeni kwa mishale. Mkimaliza, elezeni na hili: mtu aliyezaliwa na mGluR6 iliyoharibika, mbona analalamikia usiku, ilhali mchana anasoma? Jibu lianzie kwa rodi gizani, lipite kwa baipola yake, lifike kwa AII, na kila mshale uwe na alama yake. Anayeanza jibu na neno "mwanga" narudisha karatasi.